Atawafungia Maji

Jumatatu, 12 Mei
Tumemaliza kupandikiza miche ya vitunguu. Mvua zimekatika wiki iliyopita. Kuanzia sasa hadi mavuno, kila tone litatoka mferejini.

Jioni, tukiwa tunaosha miguu uani, mke wangu aliniambia kwamba anagombea udiwani. Alilisema kwa sauti ileile ambayo angetumia kuniambia chumvi imekwisha. Nikamuuliza kama ameshachukua fomu.

"Tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nangoja umalize miche. Wewe mambo mawili kwa pamoja huyawezi."

Ni kweli siyawezi. Nikamkumbusha kwamba diwani aliyepo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, na kwamba shamba lake linapakana na letu.

"Namjua," alisema. "Kiuno chake kimeongezeka mara nne tangu achaguliwe. Suruali zote nimezipanua mimi."

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea barazani, na hakuna mtu katika kata hii ambaye hajawahi kusimama mbele yake na kunyoosha mikono.

Jumatano, 14 Mei
Nimemuuliza kwa nini. Nimewauliza swali hilo wagombea wengi katika kazi yangu ya gazeti, na majibu yao nayajua kabla hawajafungua mdomo. Jibu lake sikulijua.

"Wateja wangu wa mkiani wakija kupimwa, wanaomba maji ya kunywa kwanza. Wote. Hata salamu haijaisha."

Mkiani ni huko chini, nyuma ya kilima, mfereji unakoishia. Sisi tuko kichwani, karibu na mto. Kila shamba lina lango lake: ubao ukiinuliwa, maji yanaingia shambani kwako; ukishushwa, yanaendelea kwenda kwa mwenzako. Zamu zipo, na kila mtu anaijua yake. Lakini kiangazi kikikaza, mbao za kichwani huinuka. Ukimuuliza mwenye lango, atakwambia ubao umeelea. Sijawahi kusikia mtu wa huku akitumia neno wizi. Wa kwetu nao huelea.

Mke wangu anataka mambo mawili tu: zamu zifuatwe, na bomba la maji ya kunywa lifike mkiani.

Alhamisi, 15 Mei
Mhariri wangu wa zamani amepiga simu. Anataka niwaandikie habari za uchaguzi wa huku, kwa kuwa kustaafu kwangu, kwa maoni yake, ni uvivu uliopewa jina. Nikamwambia mgombea mmoja ni mke wangu na mwingine ni shemeji yangu. Alicheka hadi akakohoa. Basi siandikii gazeti. Naandika hapa, ambako hakuna wa kunikata.

Alhamisi, 22 Mei
Miche imeshika. Maji ya kutosha.

Jumamosi, 31 Mei
Shemeji amekuja. Nilidhani amekuja kugomba. Alikalia kiti changu, akaomba chai, akamtazama mke wangu akitia uzi kwenye sindano.

"Shemeji, nasikia unanivua nguo."

"Nguo zenyewe nimezishona mimi. Nikitaka kuzivua sihitaji uchaguzi."

Alicheka sana. Ni mtu wa kucheka, na ndiyo siri yake. Watu humsamehe kabla hajaomba. Alipoaga alinivuta pembeni. "Muache tu ajaribu. Atachoka. Mimi mwenyewe nimechoka, ila siwezi kusema."

Sikujua niichukue vipi hiyo. Nimeiandika kama alivyoisema.

Jumamosi, 7 Juni
Dada yangu ameleta kitambaa cha zambarau. Anataka gauni la kuvaa siku ya kuapishwa diwani. Nilikuwa barazani namenya viazi, nikanyamaza nisikie.

"Wifi," mke wangu alimwambia, "unajua mimi na mumeo tunagombea kiti kimoja."

"Najua. Sasa nipeleke wapi? Mjini? Kule hunibana makwapa."

"Nikishinda mimi je?"

"Tutaona. Kola usiipandishe sana, wifi. Shingo yangu ni fupi."

Mke wangu akampima. Wakati anapima mgongo, dada akaniuliza kama viazi vile nimevimenya au nimevichonga.

Walipomaliza nilimuuliza mke wangu kama kweli atalishona. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza kama kesho kutakucha. "Kitambaa nimekipokea."

Jumanne, 10 Juni
Palizi ya kwanza. Mgongo.

Ijumaa, 20 Juni
Alama za kwenye karatasi za kura zimetoka. Shemeji amepewa kiti. Mke wangu amepewa mkasi. Mashabiki wa shemeji wanasema aendelee kukaa, kiti bado kipya. Mke wangu alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia kitambaa, akauning'iniza shingoni pamoja na utepe wa kupimia, na hivyo ndivyo anavyokwenda kwenye mikutano. Watoto wanamuogopa kidogo.

Jumapili, 29 Juni
Mkutano wake wa kwanza mkubwa, hapa kichwani. Nimebeba viti vya plastiki kwenda na kurudi. Kwa miaka yote niliyoripoti mikutano ya kampeni, sikuwahi kujiuliza viti hutoka wapi.

Anazungumza vibaya, kwa vipimo vya kawaida. Hapazi sauti, hatanii umati. Anamtazama mtu mmoja na kuongea naye, kisha anahamia kwa mwingine, kama anayeulizana na wateja urefu wa mkono. Aliposema zamu zifuatwe, majirani zetu walitazama viatu vyao.

Jumatatu, 7 Julai
Kiangazi kimeingia. Mfereji umepungua hadi nusu. Ubao wetu umeelea usiku wa jana. Mke wangu ameuona asubuhi, akaushusha kwa mguu bila kuniangalia. Kisha tukanywa chai.

Jumatatu, 14 Julai
Fundi Rangi, anayeandika mabango, ameteremka leo mkiani kuandika tangazo la mke wangu kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Ndio ukuta mkubwa kuliko zote kule, na kila mtu hupita na unga wake. Maneno niliyaandika mimi: MCHAGUENI FUNDI. ATAWAFUNGIA BOMBA LA MAJI.

Mchana alinipigia simu. "Mzee, kuna dirisha hapa. Nafasi haitoshi. Nitoe neno gani?"

Nilikuwa shambani, mikono ina matope, simu nimeibana kwa bega. Nimekata maneno ya watu gazetini maisha yangu yote na sikuhitaji kufikiri. Nikamwambia atoe "bomba la". Maana inabaki.

"Umesema wewe, Mzee," alijibu, akakata simu.

Jumatano, 16 Julai
Wateja watatu wa mkiani wamekuja kuchukua vitambaa vyao vya sare. Havijakatwa bado. Mke wangu aliuliza kama kuna tatizo, wawili walisema hapana, wa tatu akasema, "Tutashona kwingine, Fundi. Kama maji tu unatuonea choyo, sare utatupa?"

Mke wangu hakuelewa. Mimi nilielewa, si mara moja, bali kama mtu anayesikia kitu kikidondoka chumba cha pili na kukumbuka taratibu ni kitu gani alikiweka ukingoni.

Jioni nimemwambia. Nimemweleza habari ya simu, ya dirisha, na ya maneno mawili niliyoyatoa. Atawafungia bomba, ni kuwawekea. Atawafungia maji, ni kuwanyima. Mtu wa kichwani akilisoma tangazo lile anaweza kulisikia vyovyote. Mtu wa mkiani analisikia kwa namna moja tu, maana hana namna nyingine aliyowahi kufungiwa.

Mke wangu alikuwa akipiga pasi pindo la gauni la dada yangu. Aliendelea hadi mwisho wa pindo.

"Hukwenda kuangalia?"

"Sikwenda."

"Wewe," alisema, "wewe uliyemrudisha mwandishi kijana kilomita zote zile kwenda kuhakikisha jina la mbuzi."

Lilikuwa jina la ng'ombe. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 17 Julai
Nimempigia Fundi Rangi arudi akafute. Amekwenda, amefukuzwa. Mwenye mashine ya kusaga ni mama mmoja wanayemwita Kamanda. Watu wa mkiani wakiwa na la kusema, hulisema kupitia yeye. Amekataa ukuta kuguswa. Fundi Rangi amenirudishia maneno yake kwa uaminifu: "Mwambie aliyekutuma, mwandiko ni mzuri na umekauka. Tunausoma kila siku tusije tukasahau siku ya kura."

Jumapili, 20 Julai
Shemeji amefanya mkutano mkiani. Sikwenda, lakini sauti ya spika zake ilipanda kilima. "Mimi ndugu zangu nina makosa yangu, mnayajua. Lakini sijawahi kuwaandikia ukutani kwamba nitawafungia maji." Kicheko kilipanda kilima nacho.

Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Mfereji ulipita kwetu ukiwa mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, na mbao zote za kichwani, wake ukiwemo, zilikuwa zimeelea mchana kweupe.

Jumanne, 22 Julai
Hakuna mteja. Mke wangu amemaliza mikono ya gauni la zambarau.

Alhamisi, 24 Julai
Nimependekeza tutoe tangazo la kusahihisha, litangazwe kwa kipaza sauti. Nilikuwa nimeshaliandika, mistari mitatu, safi. Alilisoma, akalirudisha.

"Hili linasema wamekosea kusoma."

"Wamekosea kusoma."

"Hawajakosea. Wamesoma kilichoandikwa na wameangalia mfereji. Vyote vinasema kitu kimoja." Kisha: "Jumamosi nakwenda kwa Kamanda. Wewe baki, vitunguu vyako vinaanza kutunga."

Aliposema "vyako" nilisimama kidogo. Tangu Mei vilikuwa vyetu.

Jumamosi, 26 Julai
Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mke wangu aliteremka mkiani peke yake, mkasi na utepe shingoni, na mkoba ambao sikujua una nini. Mimi nilibaki shambani. Wiki hizi za sasa ndizo zinazoamua: kitunguu kinatunga, na kikikosa maji sasa, kinabaki kama gololi hata ukikimwagia mto mzima baadaye. Ilikuwa zamu ya mkiani. Ubao wetu ulikuwa juu. Niliuinua mimi alfajiri, kwa mkono wangu huu, na sitaandika kwamba umeelea.

Yaliyotokea kule mashineni nimesimuliwa na Fundi Rangi, aliyekuwepo, na mke wangu amethibitisha.

Watu walikuwa wengi, wanawake hasa, na ndoo zao. Kamanda alimwekea kiti mbele ya ule ukuta, sawasawa chini ya neno ATAWAFUNGIA, asiweze kukwepa.

"Haya, Fundi. Tusomee."

Mke wangu akasoma kwa sauti.

"Ndivyo ulivyotaka kuandika?"

"Hapana. Nilitaka kuandika kwamba nitawafungia bomba. Mume wangu alikata maneno, dirisha lilizuia."

Wakacheka. Mmoja akasema hilo dirisha ndilo lenye akili kuliko wagombea wote, limeutoa ukweli. Kamanda hakucheka.

"Basi futa, uandike ulichotaka."

"Sifuti," mke wangu alisema. "Nimeliangalia tangu nimekaa hapa, naona si baya. Bomba ni kazi ya bajeti, litachukua muda wake, na yeyote anayewaambia mwezi ujao anawadanganya. Lakini kufunga maji ninakuweza leo. Nitayafunga. Kule juu, si huku. Na nitaanza na mume wangu."

Fundi Rangi anasema mashine ilisikika ikizunguka tupu.

"Lini?" Kamanda aliuliza.

"Kesho asubuhi."

"Kampeni zina kesho nyingi, mama."

Mke wangu akainuka. "Basi tuondoke."

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimeinama kwenye tuta la tatu, naondoa majani, niliposikia sauti. Nikainua kichwa, nikaona watu wanapanda kando ya mfereji, mstari mrefu, ndoo zinagongana, na mbele yao mke wangu. Nimeona maandamano mengi. Sijawahi kuona yanayokuja kwangu.

Majirani walitoka mashambani. Dada yangu alisimama kwenye mpaka, upande wake. Shemeji hakuwepo.

Mke wangu alifika langoni. Aliutazama ubao uliokuwa juu, kisha akanitazama mimi. Nilijua anangoja niseme kitu, na nilijua neno ambalo majirani wote walitarajia kulisikia.

"Nimeuinua mimi," nikasema.

Upande wa majirani wa kichwani nilisikia mtu akivuta pumzi. Nadhani ni mara ya kwanza katika mfereji huu mtu kusema hivyo mchana, mbele ya watu, na kwa nafsi ya kwanza.

"Nimekusikia," alisema. Akaukanyaga ubao ukashuka, maji yakageuka. Kisha akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na mnyororo wa ghala letu la mbolea na kufuli lake. Akaupitisha mnyororo kwenye tundu la ubao, akauzungusha kwenye nguzo, akafunga. Ufunguo akampa Kamanda.

"Zamu yake ni Jumanne na Ijumaa. Utakuja kumfungulia wewe."

Kamanda aliugeuzageuza ufunguo kiganjani. "Na nisipokuja?"

"Vitunguu vitakufa."

"Vya kwenu?"

"Vya kwetu."

Kamanda akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye unayekata maneno?"

"Ndiye mimi."

"Utalima vizuri mwaka huu," alisema. "Hutakuwa na kazi ya kuinua mbao." Wakacheka wote, nikacheka na mimi kwa sababu lilikuwa jambo la haki kuchekwa. Wakateremka wakifuata maji. Ndoo zilikuwa hazigongani tena. Walikuwa wanakwenda haraka.

Dada yangu alikuwa bado mpakani. "Kaka, mkeo amekufungia maji."

Nikamwambia hilo limeandikwa ukutani tangu tarehe kumi na nne.

Jumapili, 27 Julai
Majirani hawajasalimia. Mmoja amesalimia ng'ombe wetu.

Jumanne, 29 Julai
Kamanda amekuja na ufunguo, jua halijapanda. Alifungua, akakaa juu ya jiwe kungoja zamu iishe, akaniangalia nikigawa maji matutani.

"Unayamwaga kama unazima moto."

"Nina siku mbili tu kwa wiki."

"Mimi nilikuwa sina hata moja."

Nilipunguza.

Jumatano, 30 Julai
Wateja wa vitambaa wamerudi, wawili kati ya watatu. Wa tatu ameshashonesha kwingine. Suruali imemkaa vibaya, mke wangu ameniambia kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Ijumaa, 1 Agosti
Kamanda, zamu yetu. Amechelewa. Nilisimama langoni tangu mapema kama mtu anayengoja hukumu, namtazamia njiani. Alipofika hakuomba radhi, akasema mashine ilikuwa na foleni. Nimegundua kwamba katika maisha yangu ya shamba sijawahi kungoja maji. Yeye hakugundua kitu, alikuwa anajua.

Jumatatu, 4 Agosti
Shemeji amekuja tena. Chai, kiti changu.

"Shemeji, umenifanyia kitu kibaya," alimwambia mke wangu. "Watu wa mkiani sasa wananiuliza ufunguo wa kwangu uko wapi."

"Uko wapi?"

"Sina hata kufuli."

"Nikuuzie? Nimebaki nalo moja."

Safari hii alicheka, lakini alimaliza mapema. Akakizungusha kikombe. "Ninyi mnadhani mimi sikujua kwamba maji hayafiki kule? Nilijua. Kila nikitaka kusema, nawaona hawa wa huku, ndugu, majirani, mke wangu mwenyewe na nyanya zake. Nikasema mwaka kesho. Mwaka kesho ikawa miaka kumi."

Kwa muda mrefu nilimwona kama mtu mvivu mwenye kicheko kizuri. Leo nadhani ni mtu anayeogopa kununiwa. Si kosa dogo kwa diwani, lakini si lile nililokuwa nimemwandikia kichwani mwangu.

Jumatano, 6 Agosti
Ubao wa shemeji umeshushwa. Hauna kufuli, lakini uko chini. Dada yangu anasema umezama.

Jumatatu, 11 Agosti
Vitunguu vidogo kuliko vya mwaka jana. Vigumu, lakini vidogo.

Ijumaa, 15 Agosti
Gauni limekamilika. Dada amelijaribu mbele ya kioo chetu. Lilimkaa kama amezaliwa nalo. Akageuka upande, akageuka wa pili, akasema, "Wifi, ukishindwa usiache kushona."

"Na nikishinda?"

"Ndiyo maana nasema. Nani atanishonea?"

Walicheka hadi mke wangu akakaa chini, pini mdomoni. Nilimwambia azitoe kwanza.

Jumatano, 20 Agosti
Tumepiga kura. Foleni yetu ya kichwani ilikuwa na heshima na baridi. Walitusalimia kwa kutikisa vichwa, kama msibani.

Matokeo yalibandikwa kituoni kwetu kabla ya magharibi. Mke wangu ameshindwa hapa, na ameshindwa vibaya. Aliusoma ukurasa wote kwa kidole. "Hawa wote nimewapima," alisema. "Hawa wote." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama fundi aliyerudishiwa nguo aliyoishona sawasawa.

Alhamisi, 21 Agosti
Amekuja Fundi Rangi mbio, baiskeli haina breki, akaingia hadi kwenye kamba ya nguo. Matokeo ya mkiani yamejumlishwa. Kule kiti hakikupata kitu. Wamejitokeza hata wale ambao, anasema, hawajawahi kupiga kura tangu kituo kiwekwe. Jumla ikipigwa, mkasi umepita, kwa tofauti ndogo ambayo mtu angeweza kuihesabu kwa macho kwenye harusi ya kawaida.

Mke wangu alikuwa anatia kifungo. Alikimaliza kifungo, akakata uzi, akaniuliza leo ni siku gani.

"Alhamisi."

"Basi kesho ni zamu yetu. Usije ukasahau."

Shemeji alifika jioni, akampa mkono kwa mikono yote miwili. "Hongera, Mheshimiwa." Akaketi. Kwa mara ya kwanza hakukalia kiti changu, alivuta kigoda. Alikula sahani mbili. Nilimwona mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa ameuomba mwenyewe na hakujua namna ya kuurudisha.

Jumanne, 26 Agosti
Majani ya vitunguu yameanza kulala. Kamanda amekuja na ufunguo kama kawaida, akatazama matuta, hakufungua.

"Hivi sasa havitaki maji. Ukivipa vitaoza ghalani."

"Najua."

"Basi nimekufungia."

Nikamshukuru. Tulikaa kidogo juu ya jiwe lake. Nilimuuliza kwa nini alinifungulia siku zote zile, ilhali angeweza kuviacha vife. Alinitazama kama watu wanavyowatazama waandishi wa habari.

"Ilikuwa zamu yako," alisema.

Alhamisi, 4 Septemba
Ameapishwa leo. Chumba cha halmashauri ni kirefu, madirisha yake hayafunguki, viti vyake ni vilevile vya plastiki. Mke wangu alivaa nguo yake ya kila siku ya kutokea, kwa sababu ya kampeni hakupata nafasi ya kujishonea.

Katikati ya kiapo mlango ulifunguka akaingia dada yangu, gauni la zambarau, kola chini, shingo inaonekana. Chumba kizima kiligeuka. Akaja akaketi karibu nami, mstari wa mbele.

"Niliwaambia ni la kuapishwa," alininong'oneza. "Sikusema la nani."

Jumanne, 9 Septemba
Tumevuna. Magunia yamepungua, kama nilivyotarajia. Majirani wawili wamekuja kusaidia kung'oa bila kuitwa, na mmoja wao ni yule wa kumsalimia ng'ombe. Jioni niliona kwamba ubao wake una mnyororo mpya. Hauna kufuli bado.

Diwani ameandika barua ya kwanza ya kuomba bomba. Amenipa niipitie. Sikukata neno.

Jumapili, 14 Septemba
Kamanda ameniita mashineni. Sheria inataka matangazo ya uchaguzi yafutwe, na nilidhani ameniita nifute. Alikuwa na kopo la rangi na brashi, na kundi la watu wenye unga walikuwa wanangoja kuona.

"Hatufuti," alisema. "Sheria tutaelewana nayo. Rudisha ulichokata."

Nikachukua brashi. Mwandiko wangu si wa Fundi Rangi. Herufi ya kwanza iliteremka kidogo, wakaniambia, nikainyoosha. Sikuhitaji hata kubananisha. Maneno mawili yalienea vizuri, na pembeni ikabaki sehemu ya kuchora mshale wa kuonyesha yanapoingia.

Nafasi ilikuwepo, chini ya dirisha.